Nazi Nne Sokoni, Nazi Nne Darasani

Mteja anataka nazi nne, kila moja 35. Mtoto anayeuza hashiki kalamu. Anahesabu kwa mdomo: 105, ongeza 30 zinakuwa 135, nazi moja ni 35, basi ni 140. Siku chache baadaye mtoto huyohuyo anawekewa karatasi yenye 35 × 4. Nne mara tano, 20, nabeba mbili; mbili na tatu, tano; tano mara nne, 20. Anaandika 200.

Haya yalitokea Recife, mji wa pwani ya Brazili, na mteja yule alikuwa mtafiti. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15 kwenye biashara zao, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1985. Sokoni watoto walipata asilimia 98 ya maswali. Baadaye walipewa hesabu za namba zilezile kwenye mtihani: zile za mafumbo wakapata asilimia 74, na zile za namba tupu, asilimia 37.

Tazama kosa lenyewe, maana ndilo linalofundisha. Mtoto alijua kubeba, ila alijumlisha ile mbili kabla ya kuzidisha, badala ya baada. Kanuni aliikumbuka nusu, na hakuwa na cha kuipimia. Angekuwa na nazi mkononi asingekubali kwamba nne zinafika 200, kwa sababu tatu tu ni 105 na anajua ya nne haiwezi kugharimu 95. Mbele ya karatasi, 35 haikuwa bei tena. Ilikuwa tarakimu mbili zinazosubiri kufanyiwa jambo.

Watoto watano ni wachache, na kwa miaka mingi wapo waliosema hivyo. Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa zaidi wa India, wenye watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi. Miongoni mwa watafiti walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobel ya uchumi ya 2019. Wateja wa utafiti waliagiza kwa vipimo visivyozoeleka: viazi gramu 800 kwa bei ya rupia 20 kilo, vitunguu kilo moja na gramu 400 kwa rupia 15 kilo, kisha wakatoa noti ya 200. Jumla ni 37, chenji 163. Wengi waliweza, bila kuandika. Walipoulizwa hesabu za kawaida za darasani, wengi wao walikwama.

Lakini jambo ambalo wengi hulisahau wanaposimulia habari hii ni upande wa pili. Watafiti waliwajaribu pia wanafunzi wasiofanya biashara. Hao waliweza zaidi zile za ubaoni, ila walipopewa hesabu ya aina ya sokoni, walibaki nyuma sana ya wauzaji. Kwa hiyo kwangu habari hii haisifu soko (mtoto mahali pake ni shule, si kwenye meza ya viazi), wala haimtetei mwalimu wa kukariri. Inaonyesha kwamba ujuzi wa upande mmoja hauvuki wenyewe kwenda upande wa pili. Kuchora maembe kando ya swali hakutoshi kuuvusha.

Muuzaji anapotakiwa kuzidisha 43 kwa 11, huzidisha kwa 10 kisha akaongeza 43. Hiyo ndiyo kanuni ya mtawanyo, ileile tunayoiandika a(b + c) = ab + ac na ambayo wanafunzi wengi wa darasa la saba huiona kama mazingaombwe. Mtoto anayo tayari kichwani. Hajaambiwa tu kwamba hayo maandishi ni hesabu yake.

Mwalimu mwenzangu, na nyinyi wazazi mnaosimamia mazoezi ya nyumbani: kabla ya kuandika 35 × 4 kwa kushuka chini, mwacheni mtoto aseme kwa mdomo atakavyoipata. Andikeni njia yake kama alivyoisema, 105 + 35, kisha iwekeni kando ya ile ya kitabuni na mumtake aonyeshe ile mbili iliyobebwa inatoka wapi.