Jumla ya Simu na Jibu la Tisa

Yapo maradhi yasiyoonekana kwa darubini wala kupimwa kwa damu. Sonona ni mojawapo: humnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na furaha, na aghalabu jamaa zake humdhania mvivu. Kipimo chake ni maswali.

Hojaji itumikayo sana duniani ni PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Ina maswali tisa juu ya majuma mawili yaliyopita. Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani "hapana kabisa", hadi 3, yaani "karibu kila siku". Hivyo jumla ya juu ni 27. Alama 10 au zaidi humtaka mtaalamu achunguze zaidi. Siku hizi mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba aweza kuwa nayo katika simu janja, ikajumlisha yenyewe. Mimi nilipokuwa masomoni ng'ambo nilijumlisha kwa kalamu, na nilikosea zaidi ya mara moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi yuko mazoezini Kalinzi, kwenye milima ya kahawa kaskazini ya Kigoma. Anamwuliza mama mmoja kama amekuwa na huzuni. "Hapana, mwanangu," anajibu, "ila nina mawazo." Msomaji atafahamu kwamba mama hasemi habari ya kufikiri, anasema habari ya mzigo. Simu haina mahali pa kuandika "mawazo". Inaandika 0.

Mwishoni simu yaonyesha 7, yaani dalili hafifu. Lakini katika swali la 9, liulizalo kama mtu amewaza kuwa afadhali afe au ajidhuru, mama amejibu 1. Kwa hesabu, moja hiyo ni sawa na moja ya usingizi. Kwa tiba si sawa hata kidogo. Mtu aweza kupata 3 katika swali hilo na 0 katika mengine yote, na jumla yake ikabaki 3.

Mtengenezaji wa programu aweza, na apaswa, kuweka onyo hapo. Lakini baada ya onyo, simu huwekwa kando. Mwanafunzi aulize kwa upole na waziwazi: je, umepanga namna ya kufanya? Nyumbani yuko nani? Asimwache peke yake mpaka amfikishe kwa mhudumu wa afya. Utafiti umeonyesha kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Stadi hiyo hujifunzwa kwa maigizo. Jukwaa la EQUIP, lililozinduliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2022, humsaidia mkufunzi kuyapima. Wanafunzi wangu huigiza wawili wawili, simu zikiwa zimezimwa. Wengi hukwama kwenye neno "kufa".