Gavana Mpya Hafuti Mpaka wa Keroka

Kampeni zikikaribia naulizwa swali lile lile: tumchague nani ili mzozo wa Keroka uishe? Hakuna, na naomba nisiulizwe tena.

Mji huo mnaujua, kwenye barabara ya Kisii kuelekea Sotik: huku Masaba Kusini ya Kisii, kule Masaba Kaskazini ya Nyamira. Tangu ugatuzi uanze 2013, kaunti hizi mbili zimevutana kuhusu nani atoze ada. Kisii imetoka kwa James Ongwae ikaenda kwa Simba Arati. Nyamira imetoka kwa John Nyagarama ikaenda kwa Amos Nyaribo. Mpaka uko palepale. Hiyo dawa ya "badilisha mkubwa" mnaimeza ya nini?

Anayedhani taasisi ni mtu hajamtazama karani wa mapato akiwa kazini. Mama anashusha mikungu ya ndizi, analipa, anapewa risiti. Kiwango kimetoka kwenye sheria ya fedha ya kaunti, pesa zinaenda kwenye hazina ya kaunti hiyo, na nembo iko juu ya karatasi. Pale sokoni, karatasi hiyo ndiyo kaunti. Mama akihamisha ndizi hatua chache, karani mwingine akaikataa risiti hiyo, ahadi zote za jukwaani zimeishia hapo.

Wafaransa Bruno Latour na Michel Callon walishalieleza: taasisi ni mtandao wa watu na vitu, na vitu navyo vinatenda. Mwaka 1986 Callon alichapisha utafiti kuhusu ghuba ya Saint-Brieuc. Wanasayansi walipatana na wawakilishi wa wavuvi kwamba kombe wachanga waachwe wakue. Mkesha wa Krismasi wavuvi wakaingia wakawavua. Wawakilishi walikuwa wamekubali; wenye nyavu walikuwa na yao. Magavana wakipeana mikono mbele ya kamera, nani amemuuliza mwenye ndizi?

Njia zipo. Kifungu cha 188 cha Katiba kinaruhusu mpaka ubadilishwe: tume huru ipendekeze, kisha thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya jumbe za kaunti katika Seneti waunge mkono. Safari ndefu hiyo. Kifungu cha 189 ni chepesi zaidi: kaunti ziunde kamati au mamlaka ya pamoja. Kwa Keroka maana yake ada zilingane, risiti moja ikubalike kote, mapato yagawanywe kwa kiwango kilichoandikwa, na wachuuzi wakae mezani. Ningeanza na hii.

Atakayekuja kuomba kura, mwulizeni risiti yake itatambuliwa na nani ng'ambo ya mpaka.