Alama Tisini kwa Mashine Usiyo Nayo

Zanzibar imo katika Civilization VI, gemu la kujenga dola lililotoka Oktoba 2016. Humo si taifa la kuchagua na kuliongoza. Ni mji wa biashara unaojitegemea, na mchezaji anayeupelekea wajumbe wengi kuliko wenzake ndiye anayekuwa mlezi wake. Malipo yake ni mdalasini na karafuu, bidhaa mbili zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote ndani ya mchezo. Kila moja huridhisha miji 6, ilhali hariri, lulu na anasa nyingine za kawaida huishia miji 4. Mkulima wa Kizimbani angeipenda thamani hiyo. Wahakiki nao walilipenda gemu lenyewe: wastani wake katika Metacritic ni 88 kati ya 100.

Vijana wa Mji Mkongwe wanazijua namba hizi. Kabla mtu hajatoa pesa yake Darajani, au hajamaliza bando la wiki nzima kwa kupakua kitu kimoja, anafungua simu na kutafuta alama. "Hili lina tisini," anamwambia mwenzake, na ubishi umekwisha. Mimi naona umekwisha mapema mno. Tisini ni jibu la swali fulani, na mara nyingi aliyeuliza swali hilo ni mtu mwingine kabisa, mwenye mashine nyingine na umeme mwingine.

Metacritic ilianza kazi Januari 2001. Haina mhakiki wake. Inakusanya hukumu ambazo magazeti na tovuti zimekwisha kuzitoa, inazileta zote kwenye mizani ya 100, kisha inapiga wastani. Wakipatikana wahakiki 4 tu, alama inatoka. Msomaji wa kawaida haoni kinachofanyika hapo katikati. Wahakiki hawahesabiwi sawasawa: wenye jina kubwa wana uzito zaidi, na orodha ya uzito huo haitangazwi. Halafu kule kugeuza mizani kunageuza na maana. Mhakiki anayetumia nyota 5 akitoa 3, anakusudia kusema gemu si baya, anayependa aina hiyo na alichukue. Zikifika Metacritic nyota hizo zinakuwa 60, rangi ya manjano, kwa sababu kijani kinaanzia 75. Na kwa kuwa wahakiki wa magemu ni nadra kushuka chini ya 7 kati ya 10 kwa kazi iliyotengenezwa kwa fedha nyingi, 60 inasomeka kama kufeli. Gazeti la Kijapani la Famitsu lina utaratibu ninaoupenda zaidi: wahakiki 4, kila mmoja na 10 yake, jumla 40, na namba zote nne zinachapishwa. Ukiona 9, 9, 9 na 5 unajua kwamba kuna mmoja wao aliyekwazika na kitu, na unatafuta alichoandika.

Linganisha na karafuu. Mtu anapoteremsha polo lake katika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mkaguzi anatia mkono ndani, anaangalia rangi, anapima ukavu, anatafuta makonyo yaliyobaki na mpeta uliojichanganya, kisha anataja daraja: la kwanza, la pili au la tatu. Mkulima anaweza kubisha, na anabisha kwelikweli, lakini anajua anabishia nini. Akiambiwa makonyo yamezidi, anarudi jamvini kuchambua. Alama ya 88 haina makonyo ya kuchambua. Picha, hadithi, ugumu, bei, muda wa kusubiri diski isome, vyote vimekwisha kuchanganywa na huwezi tena kuvitenganisha.

Namba hiyo isiyofumbulika imewahi kuamua hata malipo ya watu. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian iliitengenezea Bethesda gemu la Fallout: New Vegas, kwa makubaliano ya bonasi endapo alama ingefika 85. Ikatoka 84. Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian, aliyasema hayo hadharani mwaka 2012. Shinikizo huja pia kutoka upande wa pili. Novemba 2007 GameSpot ilimfukuza kazi mhakiki wake Jeff Gerstmann muda mfupi baada ya kulipa gemu la Kane & Lynch alama 6, wakati tovuti hiyohiyo ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hilo. Ilibidi ifike 2012 ndipo yeye mwenyewe aeleze wazi kwamba kilichomponza ni hukumu zake.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Unguja, shinikizo la matangazo si hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni mashine. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo watengenezaji wake, CD Projekt, waliwapa wahakiki nakala za kompyuta peke yake, tena hawakuwaruhusu kuonesha video walizorekodi wenyewe. Alama zikapaa zaidi ya 90. Wenye PlayStation 4 walipotia diski zao wakakuta barabara zisizo na watu, picha zilizofifia, na gemu linalojizima katikati ya safari. Leo Metacritic inaonesha 86 kwa kompyuta na 57 kwa PlayStation 4. Gemu ni lilelile. Wiki moja baada ya kutoka, Sony ililiondoa katika duka lake la mtandaoni, na halikurudi mpaka Juni 2021. Aliyelinunua kwa kusikia "lina tisini" alinunua sifa ya kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, ukifungua Metacritic, usiishie kwenye namba ya juu. Shuka utafute alama ya mashine uliyonayo, maana kila mashine ina yake. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mashine zinatufikia zikiwa zimeshatumika, na zikifika hazistaafu. Sony ilitangaza kuacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013. Mwaka huohuo FIFA 14 ilitoka pia kwa mashine hiyo, ikiwa FIFA yake ya mwisho, wakati macho ya wahakiki yalikuwa yameshahamia PlayStation 4 iliyokuwa mlangoni.

Ingia sasa katika banda la gemu huko Ng'ambo. Kuna TV mbili au tatu, benchi la mbao, feni, na pedi ambazo mpira wa kijiti umelika kwa vidole hadi plastiki inateleza. Unalipa kwa mechi. Anayefungwa ananyanyuka, anayefuata anakaa, na anayesubiri ndiye mchambuzi: "Umemwacha beki wa kushoto peke yake, unataka nini?" Hapo gemu linahukumiwa kwa mambo ambayo gazeti la London halina haja nayo. Je, wawili wanaweza kucheza kwenye TV moja? Linadai intaneti? Umeme ukikatika na kurudi, linawaka mara moja au linaanza kusahihisha mafaili? Mechi inakwisha upesi kiasi cha kumfaa mwenye shilingi chache na anayetumwa sokoni? Red Dead Redemption 2 ilipata 97 mwaka 2018, na ni kazi kubwa, sipingi. Lakini hadithi ya saa hamsini na ushee, ya mtu mmoja na farasi wake, haina nafasi kwenye benchi la kulipia kwa mechi.

Angalia jambo moja la mpira linaloonesha tofauti hiyo. EA ilikuwa ikiuza toleo la FIFA kwa mashine ya Nintendo Switch ambalo kila mwaka lilikuwa lilelile, lililobadilika likiwa ni jezi na vikosi tu. Tovuti ya IGN ililipa toleo la FIFA 20 alama 2 kati ya 10. Lilipokuja la FIFA 21, IGN ikachapisha upya uhakiki wa mwaka uliotangulia, na alama ileile 2, kwa hoja kwamba gemu halikubadilika, basi na uhakiki haubadiliki. Nililicheka jibu hilo, na lilikuwa la haki: kumuuzia mtu kitu kimoja mara mbili ni dhuluma. Ila katika banda, vikosi vipya na jezi mpya ndiyo bidhaa yenyewe. Mchezaji akihama dirisha la Januari na benchi likamkuta bado yupo timu ya zamani, mwenye banda ataulizwa. Ndiyo maana mafundi wa mitaani wanazichukua PES za zamani za PSP, zinazochezwa kwenye simu, wanazitia Simba na Yanga, na zinasambaa kutoka simu hadi simu. Leseni hazina, na wenye haki zao wana la kusema, lakini ndizo zinazochezwa, na hakuna popote zilipopewa alama.

Kuna siku banda na wahakiki wanakubaliana. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami ilitoa eFootball 2022, mrithi wa PES, bure kwa kila mtu. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, mwendo wao wa ajabu, timu 9 tu. Kwenye kompyuta lilipata 25, alama ya chini kuliko gemu lolote la mwaka ule katika hesabu za Metacritic, na Konami ikaomba radhi. Nyuso zilirekebishwa baadaye. Kilichobaki ni kwamba gemu limejengwa kuishi mtandaoni, nalo ni kosa kubwa zaidi kwa sehemu ambayo bando ni hesabu ya kila siku. Kosa hilo halimuumi mhakiki ambaye intaneti yake inatoka ukutani kama maji ya bomba.

Mbali na mashine, kuna masikio. Resident Evil 5 ya Capcom, Machi 2009, ina 84 kwenye PlayStation 3. Inatokea Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi, na maadui wake, wanaoitwa Majini, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika Magharibi! Tangu video ya matangazo ya 2007 kulikuwa na mjadala mkali juu ya ubaguzi katika gemu hilo, na ulistahili kuwepo. Jambo jingine halikupata mjadala wa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya hofu ya gemu inategemea mchezaji asielewe umati unaomjia unasema nini. Mtu wa Mji Mkongwe anaelewa. Kwake kelele zile ni maneno ya nyumbani kwao yaliyowekwa vinywani mwa watu waliotawaliwa na vimelea. Atacheka au atakasirika, lakini hataogopa pale alipokusudiwa aogope. Alama ya 84 ilitoka kwa masikio yaliyosikia kelele tupu.

Na majina yetu yanazunguka katika magemu kwa wingi. Halo 2, Novemba 2004, alama 95, ina vita vya Mombasa ya mwaka 2552 na uwanja wa mapigano uitwao Zanzibar: ufukwe, ngome, na gurudumu kubwa mno la kufua umeme wa upepo. Waliobuni uwanja huo hawakujua wanatania. Unguja inaletewa umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na hitilafu ya Desemba 2009 ilituacha gizani mpaka Machi 2010. Gurudumu lile lingetufaa.

Sitaki ionekane kwamba Kiswahili katika magemu ni cha kupigia kelele tu. Wimbo wa Civilization IV ya 2005, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na Februari 2011 ulikuwa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Lakini kipimo kizuri zaidi kwa msomaji wetu ni Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024 chini ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Wahakiki waliipa sabini na kitu: walisifu rangi, muziki na simanzi yake, wakalalamikia mapigano yanayojirudia. Mwaka 2025 ikapata tuzo ya BAFTA ya gemu lililovuka burudani.

Gemu hilo lina sauti kamili za Kiswahili, na wastani hauwezi kukwambia kama sauti hizo zinalia msiba kama unavyoliliwa huku pwani, au kama mtu anasoma karatasi. Anayeweza kulisema hilo yupo Unguja. Ukiipata, kabla ya kubonyeza kuanza, ingia kwenye mipangilio ya lugha, toa Kiingereza, weka Kiswahili, icheze saa mbili tatu, kisha andika umesikia nini. Alama unaweza kuiacha.