Njia na Mchirizi: Maneno ya Kufundishia Uchoraji wa Mistari ya Rangi kwa Kompyuta

Makala haya yakusudia kueleza jinsi picha dhahania ya mistari ya rangi inavyotungwa kwa programu ya kuhariri picha, na kuonyesha maneno ya Kiswahili yafaayo kuifundishia. Kwa picha dhahania twamaanisha ile isiyoiga umbo la mtu, mnyama wala mti, bali hutegemea mistari, rangi na mpangilio wake tu. Mfano wetu ni GIMP, programu itolewayo bure, ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis walianza kuitunga mwaka 1995 walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Shida ya kwanza imo katika neno mstari lenyewe. Twasema mstari wa daftari, mstari wa askari, mstari wa maneno kitabuni, na tena mstari wa hisabati usio na upana. Katika mazungumzo wingi huu wa maana haudhuru, kwa kuwa mahali pa neno hulifasiri. Darasani hudhuru. Mwanafunzi aambiwaye “chora mstari” hajui kama atakiwa kuweka rangi, au kuonyesha tu mahali rangi itakapopita. Na katika programu hii hayo ni matendo mawili mbalimbali.

Msanii Wassily Kandinsky, katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu nukta na mstari, aliueleza mstari kuwa ni alama iachwayo na nukta iendayo. Maelezo hayo yana mambo mawili ndani yake: mwendo, na alama ya mwendo. Hayo ndiyo yapasayo kupewa majina mawili.

La kwanza twaliita njia. Mchoraji huweka nukta chache, na programu huziunganisha kwa hesabu inayojulikana kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault huko Ufaransa; Paul de Casteljau wa Citroën naye alikuwa ameifikia kwa upande wake tangu mwaka 1959. Kila kipande cha njia huwekwa na nukta nne: mbili za ncha, ambazo njia huanzia na kuishia, na mbili za kati, ambazo huivuta na kuipinda ingawa kwa kawaida haizipitii. Njia haina upana wala rangi. Picha ikitolewa ili kuchapwa, njia haionekani kabisa.

La pili twaliita mchirizi. Baada ya njia kukamilika, programu huamriwa kupitisha brashi juu yake, na hapo ndipo rangi huonekana. Mchirizi una upana, una rangi, na huchukua sura ya brashi. Neno hili limetokana na kuchirizika, nalo latukumbusha kitu kilichopita mahali kikaacha alama. Neno mlia, ijapokuwa ni zuri, halifai hapa. Mlia ni pambo lililotulia juu ya ngozi au kitambaa, wala halidokezi mwendo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tuseme mchoraji ataka michirizi 24 iliyopangwa kama miale kuzunguka kitovu cha picha, kila mmoja umbali wa nyuzi 15 kutoka kwa mwenziwe. Mchirizi ni mkusanyiko wa pikseli. Ukizungushwa nyuzi 15, rangi ya kila pikseli hukadiriwa upya na kingo hulegea kidogo. Akinakili mchirizi uliokwisha kuzungushwa ili auzungushe tena, na hivyo hadi mwisho, ule wa 24 utakuwa umekwisha kuingia ukungu. Lakini njia ikizungushwa, ni nukta zake tu zinazohesabiwa upya, na haipotezi kitu. Basi yafaa kwanza kunakili na kuzungusha njia zote, kisha kuitilia kila moja mchirizi wake katika tabaka lake.

Kwa upande wa rangi, Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi katika nyingine zimetajwa kwa vitu: kijani kwa jani, manjano kwa kiungo, zambarau kwa tunda. Programu haitosheki na majina, yataka tarakimu. Wekundu, ukijani na ubuluu hupimwa kila kimoja kuanzia 0 hadi 255, na jumla ya rangi zipatikanazo ni 16,777,216. Tena rangi zaweza kupangwa katika duara, nyekundu ikiwa nyuzi 0, kijani 120, na buluu 240. Kisha maneno yetu kukoza na kupauka yatosha kueleza nguvu ya rangi. Mchoraji akisogeza rangi nyuzi 15 kwa kila mchirizi, duara la rangi na duara la umbo hukamilika pamoja.

Lililobaki ni jinsi matabaka yanavyokutana. Kwa kawaida tabaka la juu hulifunika la chini. Ipo namna ya pili, ambayo twaweza kuiita kurusha nuru, kwani hutenda kama taa mbili zinazomulika ukuta mmoja: juu ya weusi, nyekundu ikipishana na kijani huzaa manjano, na buluu ikiongezwa huzaa nyeupe. Namna ya tatu, kuzidisha, hutenda kinyume: juu ya weupe, nyekundu na kijani zikipishana huzaa nyeusi. Mwanafunzi aliyezoea rangi za kopo atastaajabia ile namna ya pili, na mwalimu hana budi kumweleza kwamba hapo anachanganya nuru, si rangi ya kupaka.

Matoleo ya programu hubadilika, na vitufe huhamishwa mahali pake. Ajuaye vitufe peke yake hulazimika kujifunza upya kila mara. Ajuaye njia ni nini na mchirizi ni nini huitambua kazi ileile popote aikutapo. Kwa sababu hiyo twapendekeza maneno haya yajaribiwe madarasani kwanza, na yale yatakayowatatiza wanafunzi yaachwe kabla hayajaingizwa katika orodha za istilahi.