Picha Isiyosema Sababu ya Njaa

Vyama vya msingi hupokea mara kwa mara wageni wenye kamera, waliotumwa na mashirika ya misaada. Huenda mgeni akalipita ghala lililojaa magunia, akaomba aonyeshwe mtoto aliyevaa matambara. Inafaa wanachama wafahamu mazoea haya yalivyojengeka.

Tarehe 23 Oktoba 1984, televisheni ya BBC ilionyesha picha alizozipiga Mohamed Amin wa Nairobi katika kambi ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Maelfu ya watu walikuwa wamelala chini kwa njaa, na maiti zilizikwa kila siku. Picha zile zilikuwa za kweli. Zilileta chakula na kuokoa maisha, na hapana mtu wa haki atakayelikana hilo. Desemba mwaka ule wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha, ambao jina lake lauliza kama watu hao wanajua kuwa ni Krismasi. Swali la ajabu, kwa nchi yenye Kanisa tangu karne ya 4!

Lakini picha hazikueleza sababu. Watazamaji waliona ukame, hawakuona vita. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea. Masoko yalishambuliwa na njia za kupitishia chakula zikafungwa. Mkulima aliyezuiwa kuvuna na kuuza akadhaniwa hajui kulima. Wala haikuonekana kwamba, wakati huohuo, kahawa ya wakulima wa kusini na magharibi ndiyo iliyokuwa ikiiletea Ethiopia sehemu kubwa ya fedha za kigeni.

Mwaka 1989 mashirika ya hiari ya Ulaya yalikubaliana juu ya mwongozo wa picha zisizomdhalilisha mtu. Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la VSO uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba Waingereza 80 katika kila 100 bado walizihusisha nchi zinazoendelea na njaa, maafa na misaada ya Magharibi.

Jambo hili latugusa sokoni. Mnunuzi aliyezoea kumwona mkulima kama mwombaji huiona bei yoyote kuwa ni hisani.

Basi, katibu wa chama amuulize mgeni picha itatumika wapi, na kama mwenye sura ameridhia. Maelezo yake yataje chanzo cha shida, nayo yasomwe kwa mhusika, katika lugha aielewayo, kabla mgeni hajaondoka.