Sahani za Marehemu na Kabati la Litein

Dada yangu, Mungu amrehemu, alimwachia binti yake sahani kumi na mbili za kauri. Kwetu Mombasa zilikaa katika vidaka vya ukutani, mawe na chokaa, wala hapana aliyewahi kuuliza kidaka kimejengwa kwa kitu gani. Binti akaolewa, akamfuata mumewe Litein, huko kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Sahani alizifunga ndani ya kanga, akapanda nazo basi. Mwaka jana, usiku, rafu ya kabati lake jipya ikaporomoka. Zilisalimika saba.

"Mjomba," akanipigia simu, "njoo unichagulie mbao. Safari hii nisikosee."

Nikapanda bara. Nchi ile iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari: asubuhi ukungu, adhuhuri jua, alasiri mvua, na mwezi usio na mvua ni wa nadra. Chai hustawi kwa hali hiyo. Kabati halistawi. Sisi wa pwani tumezoea kupigana na mchwa na chumvi. Kule adui ni unyevu, naye haingii kwa kishindo.

Lile kabati kwa mbele lilikuwa jeupe, linang'ara kama meno ya bwana harusi. Nikaingiza kichwa chini ya sinki. Lo! Lilikuwa la chipubodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvishwa ngozi ngumu ya melamini. Ngozi ile haipitishi maji. Maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, na fundi hakuziba hata moja. Ikishakunywa huvimba kama tambi iliyosahauliwa katika mchuzi, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Skrubu hukosa pa kushika. Aliyeliuza sitamtaja. Ile iitwayo MDF, ya nyuzi laini za mbao, hupokea rangi vizuri zaidi, lakini ya kawaida ikikutana na maji tabia yake ni hiyo hiyo.

Tulimwendea seremala mmoja, mzee wa Kikipsigis mwenye maneno machache. Nikamwonyesha mikaratusi iliyojaa vilimani. "Mzee mwenzangu, miti yote hii, nasi tunahangaika?" Akacheka. Ile, akasema, ni kuni za viwanda vya chai, hukaushia majani. Ukiipasua mbao, hupinda na kupasuka inapokauka. Saipras yafaa, ila alilalamika kwamba tangu Serikali ilipozuia ukataji katika misitu yake, Februari 2018, aliletewa miti michanga mno. Mvule na mninga, tunazozisifu sisi, kule ni bei ya mahari.

Yeye alishauri mgrevilea, mti wenye asili ya Australia ambao wakulima huupanda kandokando ya chai. Mbao yake ikirandwa hutoa madoa yenye kumeremeta, na mimi nikaipenda papo hapo. Hiyo iwe fremu na milango. Rafu ziwe plaiwudi ya milimita 18, tabaka zake zimepishana, kila kingo ifungwe kwa ubao na rangi. Lakini plaiwudi nayo ina siri: gundi. Alitukatia vipande viwili vya aina mbili, tukavichemsha jikoni kwa binti tangu baada ya adhuhuri hadi alasiri. Cha bei rahisi kilifunguka kurasa kurasa kama kitabu. Cha pili kilitoka kizima.

Mimi nikaongeza yangu ya pwani: kabati lisimame kwa miguu, lisigusane na ukuta, na milango iwe na matundu ya nakshi ili hewa ipite. Binti alinuna kidogo kwa ajili ya weupe wake. Tukakubaliana ndani kupakwe rangi nyeupe.

Tatizo likabaki moja. Mbao zenyewe zilikuwa mbichi, zimepasuliwa wiki ile. Hesabu ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, zikipangwa kivulini na vijiti katikati. Binti alitaka kabati kabla ya Idi, na mumewe alikwisha kumpata kijana wa kulimaliza kwa siku kumi. Tulibishana hadi Isha. Mwishowe alinyamaza, akatoka na tochi kwenda kuzihesabu mbao kibandani.

Sahani saba ziko chini ya kitanda, ndani ya kanga ile ile.