Ndoa, Kabati na Pua ya Bomu

Wapo wanawake wanaopambana na nyumba ndogo. Wapo wanaopambana na pombe, na wengine na mama mkwe. Rafiki yangu wa Mbinga yeye alikuwa anapambana na vyuma.

Sitanii. Alinipigia simu usiku wa saa tano, muda ambao simu ikiita unajua kuna msiba. Nikapokea moyo unadunda. "Shoga, nimechukua watoto nimeshuka ziwani kwa mama. Shemeji yako achague. Mimi, au yale mabomu yake."

Mabomu? Mume wake ni mwalimu wa historia wa sekondari, mpole mpaka unamwonea huruma. Hanywi, hafukuzii sketi, mshahara ukitoka anaonyesha karatasi. Ndoa ina miaka tisa. Nilikuwa Songea kikazi, kwa hiyo kesho yake asubuhi nikapanda gari la Mbinga. Siku hizi ni lami tupu, unapita mashamba ya kahawa na vile vilima vya Wamatengo vilivyochimbwa ngoro kama vitobo vya sega la nyuki. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimekaa sebuleni kwa shemeji, natazama kabati.

Unalijua kabati la namna hii, hata kwenu lipo. Vioo mbele, picha ya harusi juu, na zile glasi za kichen pati ambazo hazijawahi kunywewa, stika zake bado ziko chini. Lakini glasi zilikuwa zimesogezwa pembeni kabisa. Rafu yote ya katikati ilikuwa na vipande saba vya shaba ya manjano. Vingine vimechongoka kama pua, vingine bapa kama kifuniko cha chupa kubwa, kimoja kina pete za namba kuzunguka kiuno chake. Vimesuguliwa vinang'aa kuliko vikombe vya ushindi vya shule.

"Hizi ni fyuzi, shemeji," akaniambia, na uso wake ukabadilika. Wanawake mtanielewa nikisema ni ule uso ambao mumeo aliuvaa mara ya mwisho wakati wa uchumba.

Kitu chenyewe ni nini?

Usichanganye na fyuzi ya umeme. Ile ya nyumbani inakata moto, hii kazi yake ni kuuwasha. Kombora la mzinga bila fyuzi ni chuma kizito kilichojaa baruti iliyolala. Fyuzi ndiyo inayoiamsha. Kwa lugha nyepesi, ndani yake mna sindano na fataki ndogo. Zikikutana, biashara imekwisha. Ufundi wote uko kwenye kuzizuia zisikutane mapema, maana zikikutana mikononi mwa askari anayepakia, anakufa yeye badala ya adui.

Kuna za kugonga, zinazosubiri kombora litue. Na kuna za muda, ambazo ndizo wakusanyaji wanazigombania. Ile yenye pete za namba ni ya aina hiyo. Askari alizungusha pete mpaka kwenye namba aliyoambiwa, mzinga ukapigwa, ule mshtuko ukawasha baruti iliyopangwa kwenye mfereji ndani ya pete, moto ukatembea taratibu kama utambi wa kibatari, halafu kombora likapasuka angani juu ya vichwa vya watu. Saa ya moto! Mtu alikaa akafikiria kitu kama hicho. Mimi mwenyewe, nilivyokuja kwa hasira, nilijikuta nauliza swali la pili na la tatu.

Huko Ulaya ni hobi kamili, ina masoko na vitabu vyake. Wakulima wa Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa mpaka leo wakilima wanafukua makombora ya Vita Kuu ya Kwanza, na jeshi la Ubelgiji lina kikosi maalumu cha kuyakusanya na kuyaharibu. Baada ya vita hivyo maofisa wengi waliondoka na fyuzi tupu kama kumbukumbu, wakazifanya vizuizi vya karatasi mezani. Anayekusanya anasoma mihuri iliyogongwa kwenye shaba: namba ya aina, kiwanda, mwaka. Mihuri hiyo ina visa vyake. Kabla ya vita, kampuni ya Vickers ya Uingereza ilikuwa inatengeneza fyuzi za muda kwa ubunifu wa Krupp, Mjerumani. Vita vikaja, Waingereza wakaendelea kuwapiga Wajerumani kwa fyuzi iliyobuniwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha Krupp akawashtaki Vickers akidai chake, na mwaka 1926 wakamalizana kwa malipo. Biashara haina msiba.

Marafiki wawili wa Liuli

Sasa ya Mbinga yanatoka wapi? Hapo shemeji alinimaliza, maana kisa chenyewe kilitokea palepale alipokimbilia mke wake.

Liuli, ambayo ilikuwa Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa pale ufukweni lililowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo meli yao, Hermann von Wissmann. Nahodha wake aliitwa Berndt. Upande wa pili wa ziwa, Nyasaland ya Waingereza, kulikuwa na meli Gwendolen, ya nahodha Rhoades. Hawa wawili walikuwa marafiki, wakikutana wanakunywa pamoja. Ziwa lile kubwa, wazungu wachache, ungetegemea nini?

Agosti 1914 Rhoades akapata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Berndt hakuipata. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikasogea Liuli na kuanza kupiga mzinga wake mdogo. Makombora ya mwanzo hayakufanya la maana, risasi zilikuwa za zamani, halafu moja likafika. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mtumbwi akapiga makasia kumfuata rafiki yake huku akifoka, akidhani kalewa. Akafanywa mateka. Magazeti ya London yakaandika kama ushindi mkubwa wa majini. Mei 1915 Waingereza wakarudi Liuli kuhakikisha meli haitengenezeki, na mwaka 1918 wakaikarabati wenyewe na kuipa jina la mfalme wao.

Nilimwambia shemeji kisa hicho kinafaa ukurasa wetu wa mahusiano kuliko wa historia. Urafiki uliovunjwa na ujumbe ambao mmoja kausoma na mwingine hajausoma. Nani hajawahi?

Halafu kuna ambao hawakuwa na meli wala pombe ya kunywa pamoja. Vita vile vilizunguka nchi yetu yote. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kwenda Msumbiji, mwaka uliofuata likarudi likipitia upande wa Songea kuelekea Njombe, mpaka vita vikaishia Novemba 1918 huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Magari hayakuwepo ya kutosha, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo kila sanduku la makombora lilipita kichwani kwa mtu. Ukienda Kariakoo kununua vitenge, kumbuka jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Fyuzi moja pale kabatini, ile bapa, ni ya babu yake shemeji. Imetoboka kabisa, ukiishika juu unaona mwanga. Mzee aliifanya kifuniko cha kopo la ugoro maisha yake yote. Hakuwahi kusema aliitoa wapi.

Swali ambalo hakulijibu

Nikamwuliza: zote saba zimeuliwa? Ndiyo neno lao, fyuzi iliyotolewa sindano, fataki na baruti wanasema imeuliwa.

Akazihesabu kwa kidole. Ya babu, tupu. Tatu nyingine zimefunguliwa, ziko kama filimbi. Mbili alinunua kwa wauza chuma chakavu. "Hizi... nadhani." Nadhani! Ya saba akaipita.

"Na hiyo?"

"Hiyo kaniletea mwanafunzi."

Hapo ndipo nilipoelewa ile simu ya saa tano usiku. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua mwalimu anapenda vyuma vya vita. Kaokota shambani, kaviringisha kwenye sweta, kaweka kwenye begi pamoja na daftari na andazi, kakaa nayo darasani vipindi vinne, kaja kumpa mwalimu zawadi. Na mwalimu akafurahi. Akaisugua kwa majivu na ndimu sebuleni, binti yake wa miaka sita akiwa amemshikia kitambaa. Mke akaingia na sinia la chai akawakuta.

Ndugu msomaji, shaba haiozi haraka. Nje inaweza kuwa imechakaa, ndani pakavu kabisa. Zile fataki za zamani zilitengenezwa kwa kemikali ambazo miaka ikipita baadhi yake huwa na hasira zaidi, hazizeeki kama sisi. Kwa macho huwezi kujua iliyouliwa na iliyo hai, hata kama una digrii. Anayejua ni mtaalamu wa mabomu, na yeye mwenyewe haigusi kabla hajaikagua.

Na tusijifanye hatujaona. Novemba 2017 kule Ngara mkoani Kagera, mtoto aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu, likalipuka Shule ya Msingi Kihinga. Wanafunzi watano walikufa, wengine kwa makumi wakajeruhiwa. Watu wa Mbagala hawajasahau tarehe 29 Aprili 2009, wala wa Gongo la Mboto 16 Februari 2011, maghala ya jeshi yalipolipuka na vyuma vikatua kwenye nyua za watu. Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma walihangaika na mabomu ya ardhini hadi mwaka 2015 nchi yao ilipotangazwa kuwa imesafishwa, na waliosaidia ni pamoja na panya waliofundishwa kunusa pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Panya anajua kunusa baruti. Mwalimu wetu wa historia hajui.

Nilimwambia hivyo hivyo, nikaongeza ya kwangu. Shemeji ni shemeji, lakini mtoto ni mtoto.

Hakubisha. Alikaa muda mrefu akitazama ile ya saba. Mwishowe akasema, "Shemeji, si kwamba aliniletea. Mimi ndiye niliyemtuma, ila sikufungua mdomo."

Tulitoka nje, akafunga mlango, akapiga simu polisi. Nakiri nilikuwa na hofu kwa ajili yake, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Walikuja, wakatusogeza mbali na nyumba, majirani wakajaa barabarani kama kwenye ngoma. Baadaye wakaja wanajeshi wawili, wapole kuliko nilivyotegemea. Mmoja alimwuliza maswali mengi sana, na mengi yalihusu yule mwanafunzi: shamba gani, upande gani, kuna vingine? Wakaondoka na vipande vitatu. Vinne vilivyo tupu wakasema havina kitu, ila aandike maelezo kituoni vilikotoka. Kile cha saba walikibeba kivyake, kwenye ndoo yenye mchanga. Hakuna aliyetuambia kama kilikuwa hai, na sikuuliza.

Jumatatu mwalimu alisimama mstarini akawaambia wanafunzi wote kwamba yeye alikosea. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, weka alama kwa mbali, mwite mtu mzima, mtu mzima aite polisi. Asiletewe tena zawadi. Mwalimu kukiri kosa mbele ya kidato cha kwanza! Nilitamani ningekuwepo.

Jumamosi iliyofuata akashuka Liuli. Haya nimesimuliwa na mwenye mume. Alifika jua linachoma, akaamkia shikamoo kwa mbali, akakaa kwenye kibenchi cha nje mikono katikati ya magoti kama mchumba anayeleta posa, mpaka mama mkwe alipomaliza kuanika dagaa ndipo akakaribishwa. Mama hakugusia mabomu kabisa. Alimwuliza tu, "Baba, mjukuu wangu ana vidole vingapi?" Akajibu, "Kumi, mama." "Haya, karibu chakula."

Masharti aliyatoa mke, jioni, wakitembea ufukweni. Ya babu inabaki, maana ni ya babu. Nyingine tatu ziende shuleni, zifungiwe kwenye kabati la ofisi. Na kama anataka mzinga kweli, basi likizo ampeleke na watoto Mombasa, pale Fort Jesus upo wa meli ya Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915. Umekaa nje, watoto wanaupanda, haumtishi mtu. Nauli atafute yeye.

Wiki iliyopita rafiki yangu kanitumia picha ya kabati kwa simu. Rafu ya katikati wamerudisha glasi za kichen pati, zimepangwa mistari miwili. Nikaikuza picha nione vizuri. Stika bado hajabandua.